Wasomaji Wanauliza: Je, Hili ni Jino la Rapta?

Swali: Shikamooni. Shemeji yangu baharia kaniletea jino la kisukuku kutoka Moroko, urefu milimita 16, lina makali mbele na nyuma. Muuzaji kaandika ni la rapta, yule dinosaria mla nyama, kutoka miamba ya Kem Kem. Nitajuaje kama ni kweli? *Msomaji, Shela, Malindi*

Jibu: Marahaba. Karatasi ya muuzaji iweke kando, ulisome jino lenyewe. Azima lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara 10, na kalipa, kifaa cha kupimia unene. Lisimamishe jino kwenye donge la plastisini, taa iwe ubavuni. Mwanga wa juu huficha vijino vya makali, vile vidogo kama vya msumeno.

Pima shina, yaani sehemu ya chini ya jino, mbele hadi nyuma, kisha ubavu hadi ubavu. Kipimo cha ubavu kikiwa karibu nusu ya kile cha mbele hadi nyuma, jino ni bapa, la kukatia nyama. Vipimo vikikaribiana, fikiria mamba au spinosauri, dinosaria mla samaki.

Kisha hesabu vijino katikati ya kila makali, ndani ya milimita 2, mara tatu. Usihesabie karibu na ncha wala shina: huko vijino huwa vidogo, na hesabu hupanda bure. Gawa idadi ya mbele kwa ya nyuma. Ukipata 14 mbele na 10 nyuma, jibu ni 1.4. Likizidi 1.2, hiyo ni dalili nzuri ya dromeosauri, yaani rapta, ukoo wa Velociraptor. Makali ya mbele yakiwa yamesagika, usikisie. Kipimo hicho kiache.

Sasa litazame kwa ubavu. La dromeosauri limepinda kama jambia, makali ya nyuma yameingia ndani. Makali ya nyuma yakiwa yamenyooka na ya mbele ndiyo yaliyobinuka, hilo ni la abelisauri, ukoo mwingine wa dinosaria wala nyama, na mengi yanayouzwa kama ya rapta wa Kem Kem ni hayo. Udogo usikuhadae, maana mtoto wa abelisauri naye ana jino dogo. Kwa jino moja, taja ukoo, uishie hapo.

Kukosa mzizi si kasoro: mzizi huyeyuka mwilini kabla jino halijadondoka. Ukiuona mzizi, tafuta mstari wa gundi. Na tafadhali, usilisafishe kwa siki wala ndimu, asidi hulila.

Swali: Na kwenye makorongo ya Marafa, huku karibu na Malindi, je, tutapata meno kama haya?

Jibu: Hapana. Udongo wa Marafa ulitandazwa mamilioni ya miaka baada ya dinosaria kutoweka. Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania, ndiko meno ya dinosaria yalikopatikana, Wajerumani walipochimba 1909 hadi 1913. Lakini kisukuku chochote ukikiona, kiache palepale, piga picha, na uwaarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndani ya siku 7, kama sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inavyotaka. Wapo hapo hapo Malindi.