Kwa nini tusome jiografia ilhali ramani zimo kwenye simu

Ndugu uliyeuliza kwa nini mwanafunzi asome jiografia ilhali ramani zimo kwenye simu, ramani itakuonyesha Botswana ilipo, lakini haitakueleza kwa nini nchi hiyo, ambayo eneo lake linakaribia kulingana na la Kenya, yaani takribani kilomita za mraba 580,000, ina watu wasiofika milioni 3 huku sensa yetu ya mwaka 2019 ikihesabu zaidi ya milioni 47. Jibu limo hasa katika mvua na udongo: sehemu kubwa ya Botswana ni jangwa la Kalahari, nasi tuna nyanda za juu zenye rutuba. Hata hivyo, kugawanya idadi ya watu kwa eneo hakutoshi, na hapa ndipo wengi hupotoka, kwa kuwa takribani asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na si haki kaunti kame ya Turkana na kaunti ya Kiambu yenye rutuba na watu wengi kufichwa ndani ya wastani mmoja. Linganisha pia ardhi inayolimika, maji na umbali wa kufika bandarini. Kwangu mimi, kijana anayetarajia kupanga mji huu wa Nairobi au kugawa bajeti ya kaunti hapaswi kuruhusiwa kuliacha somo hili mapema.