Kipimo cha Kidoleni na Neva za Mguuni

Ninyi mnaoanza mafunzo ya vitendo katika kliniki za kisukari hapa Nairobi mtakabidhiwa glukomita na oksimita siku ya kwanza, na ni rahisi kuamini kwamba vifaa hivyo viwili vimekwisha kuwapa habari za neva. Havijawapa. Glukomita husoma sukari ya dakika ile, ilhali neva huumizwa na sukari iliyozidi kwa miezi na miaka. Oksimita nayo husoma oksijeni ya damu inayopita kidoleni, wala haijui kama damu hiyo inafika unyayoni.

Katika wiki zangu za mwanzo nilimhudumia mama mmoja muuza viatu vya mitumba Gikomba. Sukari yake ya asubuhi ilikuwa 6.4 mmol/L, oksijeni asilimia 96, nami nikaandika kwamba hali yake ni njema. Muuguzi aliyenisimamia akaniagiza nimvue soksi. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha upana wa sarafu ya shilingi, na ndani yake kipande cha msumari wa kiatu. Nilipokuwa nikikichomoa, mama aliendelea kuzungumza na binti yake kana kwamba sijamgusa. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kilirudi asilimia 10.8, yaani juu sana.

Sababu yake yafaa mwielewe vyema. Misuli hungoja insulini ili ipokee sukari nyingi, lakini neva haingoji: sukari ikizidi katika damu huzidi ndani yake pia, na sehemu yake hugeuzwa kuwa sobitoli, aina ya alkoholi ya sukari, kazi inayoifilisi seli kinga yake dhidi ya kemikali haribifu. Wakati huohuo kuta za vimishipa vinavyoilisha neva yenyewe hunenepa na njia ya damu hupungua, hivyo neva hukosa oksijeni hata pale damu ya kidoleni inapokuwa nayo tele. Nyuzi ndefu zaidi, zile zinazotoka mgongoni hadi vidole vya miguu, huathirika kwanza, ndiyo maana ganzi hupanda kama soksi. Msiisingizie miinuko ya Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari; ganzi hii haitokani na hiyo.

Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba, kwa wenye kisukari cha aina ya 1, kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza madhara ya neva kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya 2 faida huwa ndogo zaidi, na kwa anayetumia dawa ya kisukari ya metfomini miaka mingi kumbukeni kupima vitamini B12, kwa kuwa upungufu wake nao huleta ganzi.

Mtakapoushika uzi wa nailoni wa kupimia hisia za unyayo, ule unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, mwombeni mgonjwa afumbe macho, kisha bonyezeni hadi uzi upinde. Msimuulize, "Unahisi?" kwa kuwa wengi hujibu ndiyo kwa heshima tu. Mwulizeni, "Mama, nimekugusa wapi?"