Jibu: Kwa nini mama anaambiwa abane mkojo kabla ya mionzi?

Salaam dada. Umeuliza kwa nini mama, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, anaambiwa anywe maji na kubana mkojo kabla ya mionzi. Nilimtoa mama yangu Tanga nikampeleka Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, naye aliambiwa hivyo hivyo. Kibofu kikijaa huusukuma utumbo juu, ukaepukana na mionzi. Picha ya CT, ile ya kuona ndani ya mwili ili kupangia tiba, hupigwa kibofu kikiwa kimejaa. Akija na kibofu kitupu, utumbo unashuka na kupigwa na mionzi bure.

Kwanza angalieni saa. Mama yangu alikojoa, akamaliza chupa ya nusu lita, tukasubiri nusu saa, kila siku vilevile. Kipimo cha mama yako waulize wanaompangia, usichukue changu.

Akishindwa kubana, aseme kabla hajapanda mezani. Wangu aliona haya siku mbili nzima, roho iliniuma.