Kikomo cha mishahara NFL: msimu ukianza, hesabu kwa wiki

Kosa linaloziumiza klabu nyingi za NFL, ligi ya mpira wa Marekani (American football), mwezi Septemba ni kuingia msimu na hesabu za Agosti. Tangu Machi, ni mikataba 51 mikubwa tu inayohesabiwa kwenye kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho malipo ya wachezaji wa klabu hayaruhusiwi kuvuka kwa mwaka. Wiki ya kwanza ikifika, kanuni hiyo inakufa. Wachezaji wote 53 wanaingia, kikosi cha mazoezi (wachezaji wa akiba walio nje ya wale 53) kinaingia, majeruhi wanaingia, na ile pesa iliyokufa, yaani gharama za walioondoka ambazo bado zinahesabiwa, ipo palepale. Kikomo cha 2025, mwaka ambao viwango vyote vya hapa vimetoka, kilikuwa dola milioni 279.2. Na kikomo hakina mlango wa nyuma: mkataba unaokuvusha mstari, ligi haiupitishi.

Kwa hiyo kabla ya mechi ya kwanza, tenga fungu la mambo yasiyoepukika. Wachezaji wawili wa ziada, yaani wa 52 na wa 53, kwa kima cha chini cha 840,000 ni dola milioni 1.68. Kikosi cha mazoezi cha watu 16, kila mmoja akilipwa 13,000 kwa wiki kwa wiki 18, ni milioni 3.74. Hapo umeshafika milioni 5.4 na hakuna aliyeumia bado. Halafu kuna fungu ambalo wengi hulisahau: kila mechi unaruhusiwa kupandisha wachezaji wawili kutoka kikosi cha mazoezi, na wiki hiyo analipwa kama mchezaji kamili. Chipukizi anatoka 13,000 kwenda 46,667. Ukipandisha wawili kila mechi kwa mechi zote 17, tofauti hiyo inapita milioni 1.1.

Baada ya hapo, acha kufikiria mishahara ya mwaka. Mshahara wa msingi hulipwa kwa wiki 18, ile ya mapumziko ikiwemo, na kila uamuzi wa katikati ya msimu hupimwa kwa wiki zilizobaki. Mkongwe wa miaka 7 na zaidi aliyesaini kima cha chini anapokea 69,722 kwa wiki, lakini akiwa na mkataba wa mwaka mmoja wenye nafuu ya wakongwe, kwenye kikomo anasomeka 57,222 tu. Ukimhitaji kwa wiki nne kuziba pengo, ni kama dola 229,000. Kumbuka kwamba aliyeumia haondoki kwenye hesabu. Ukimweka kwenye orodha ya majeruhi atakosa angalau mechi nne, na muda wote huo unawalipa wawili kwa nafasi moja. Hapo ndipo nafasi iliyobaki chini ya kikomo inapovuja kimyakimya, wala si kwenye usajili mkubwa unaoandikwa magazetini.

Tarehe nayo ni pesa. Mkongwe mwenye misimu minne au zaidi akiwa kikosini wiki ya kwanza, ukimwacha baadaye anaweza kudai mshahara wake wote uliobaki wa msimu. Kama ni mchezaji wa majaribio, msaini baada ya mechi ya kwanza.

Dawa inayokimbiliwa nafasi ikiisha ni kugeuza mshahara kuwa bonasi ya kusaini, ambayo kwenye kikomo husambazwa kwa mgao wa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitano. Inafanya kazi, ila nguvu yake inapungua kila wiki, kwa sababu huwezi kugeuza pesa uliyokwisha kuilipa. Chukua mkongwe mwenye mshahara wa milioni 18, kima chake cha chini 1,255,000, na mkataba wenye miaka mitano mbele. Kabla ya wiki ya kwanza unageuza milioni 16.745 na kuokoa karibu milioni 13.4 mwaka huu. Subiri hadi wiki sita zipite: zimebaki milioni 12, unamwachia kima cha chini cha wiki 12, unageuza kama milioni 11.16 na kuokoa milioni 8.9. Kusitasita kwa wiki sita kumekula milioni 4.5. Nafasi unayoipata nayo ni mkopo kwa misimu inayofuata, kwa hiyo usimfanyie hivi mchezaji unayedhani utamwacha mwakani. Mgao wote uliobaki utakuangukia akiwa hayupo.

Kwenye kubadilishana wachezaji, dirisha hufungwa Jumanne baada ya wiki ya 9, yaani nusu kamili ya malipo. Mchezaji wa milioni 9 anakuja kwako na milioni 4.5 tu. Bonasi yake ya kusaini haisafiri: mgao wa mwaka huu unabaki kwa klabu ya zamani, na wa miaka ijayo unaiangukia yote msimu ujao. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukataa ofa nzuri, na ndiyo maana ni vema ujue mgao huo kabla ya kupiga simu.

Angalia pia bonasi za kila mechi. Ni malipo ya ziada kwa kila mechi ambayo mchezaji yumo kikosini, na mwanzoni huhesabiwa kwa mechi alizokuwemo mwaka jana. Aliyecheza 6 kwa bonasi ya 50,000 anasomeka 300,000. Akiwa mzima mechi zote 17, 550,000 nyingine zinaongezeka, na zinaongezeka msimu ukiwa umesonga, wakati fungu limekauka.

Kitakachobaki mwisho wa msimu huhamia mwakani, mradi klabu iiarifu ligi. Kwa hiyo mwezi Desemba, kabla ya kumsaini mtu wa kujaza benchi kwa wiki tatu, linganisha gharama yake na mgao ule uliousukuma mbele mwezi Oktoba.