Mtoto wa darasa la nne hajui kusoma? Anza na silabi, achana na kitabu cha darasa lake

Juzi kuna dada kanitumia meseji, anataka kujitolea kufundisha watoto kusoma huko kwao Kongwa, anauliza lazima awe na cheti cha ualimu? Nikamjibu hapana dada angu, mimi nauza steshenari Nkuhungu hapa Dodoma na watoto ninaowafundisha wanasoma. Ila nikaona majibu mengine marefu bora niyaweke hapa maana najua mko wengi mnaotamani hiki kitu.

Kuna dogo mmoja alikuwa darasa la nne, mama yake kamleta dukani anasema mwanangu anasoma vizuri tu ila mitihani inamshinda. Nikampa kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, ila macho yapo juu ya bati. Nikafunika picha kwa kiganja nikamwonyesha neno moja katikati ya mstari, kimya. Kumbe kakariri kitabu kizima kwa kusikia wenzake! Na ba be bi bo bu anaimba kama kwaya, ukimgusia "bo" peke yake anaanza kuhesabu kutoka "ba" mpaka aifikie.

Watoto wa hivi wapo wengi kuliko unavyodhani. Tangu 2016 elimu bila malipo ilipoanza madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye watoto wamejaa mpaka mlangoni atamsikiliza nani mmoja mmoja? Halafu darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, usipofaulu unarudia, na huwezi kujibu swali ambalo hujaweza kulisoma.

Kwa hiyo nilichofanya nilikata maboksi ya karatasi za A4, nikaandika silabi kwa maka peni, nikazichanganya. MUSIFUNDISHE KWA MPANGILIO jamani, changanya. Ma, to, li, ka, mwambie tengeneza neno. Kiswahili kinasomeka kinavyoandikwa, mtoto akishika silabi haraka sana anaunganisha. Pagumu ni kwenye mb, nd, ny, na ile ng' ya ng'ombe, hapo kaeni hata wiki nzima msione aibu. Wengine nyumbani wanaongea Kigogo tu, neno akilisoma muulize ni nini, asije akawa anatamka asichokijua.

Yule dogo sasa hivi ananisomea vibao vya bajaji mpaka matangazo ya misiba, na sifichi, najisikia fahari kweli kweli.

Lakini kuna mwalimu mmoja, shule siitaji, aliniambia mbele ya wazazi eti nimekuja kuwaaibisha, muuza madaftari anajifanya mwalimu. Liliniuma na linaniuma mpaka leo, kwa sababu sikuwahi kumsema mwalimu yeyote vibaya. Ndo maana nasisitiza nenda kwanza kwa mwalimu mkuu, na mwenyekiti wa mtaa ajue, na kaeni barazani watu wanapopita wawaone, usijifungie ndani na watoto wa watu.

Na wazazi, nyie ndo mnanichosha zaidi. Mtama ukianza kukomaa mtoto anapelekwa kuamia ndege, akirudi kasahau kila kitu tunaanza upya, halafu unaniuliza mbona hajui? Hela ya kifurushi ipo, ya penseli haipo. Kaa naye robo saa jioni, hata kama wewe mwenyewe hujui kusoma mwambie akusomee, msikilize. Mungu atakuuliza huyo mtoto ulimfanyia nini!

Kingine, usimkosoe kila neno, mwache amalize sentensi kwanza ndo mrudi. Na silabi changanya, nimeshasema ila narudia.

Pipi usigawe. Mimi niliona mwenzangu kagawa, Jumamosi iliyofuata wakaja watoto wa mtaa mzima wanaojua kusoma wanajifanya hawajui.