Majina Yote Kumi ya Mawingu Niliyajua, na Bado Nilifeli

Wiki hii nimefaulu mtihani wa mdomo wa hali ya hewa, kwa mara ya pili kuujaribu. Ila nataka kuwasimulia ule wa kwanza, kwa kuwa najua wengi wenu mnautaka urubani kama mimi na mnakariri kama nilivyokariri.

Nilikuwa na aina zote kumi kichwani. Nilijua hata kwamba Luke Howard, mfamasia wa London, ndiye aliyependekeza majina ya Kilatini mwaka 1802: sirasi zilizo kama nywele, kumulasi lundo, stratasi tabaka, nimbasi ya mvua. Mtahini akanyoosha kidole dirishani. Asubuhi, mawingu ya kimo cha kati, safu moja yenye vinara vidogo vidogo juu yake. "Altokumulasi," nikajibu upesi. "Mchana utaruka?" Kimya. Akafunga daftari. Sauti ya lile daftari inaniuma hadi leo, maana jina nililipatia!

Jibu lilikuwa kwenye vile vinara. Vinaonyesha kuwa hewa ya huko juu haijatulia. Jua likishachoma ardhi, kumulonimbasi, wingu refu la mvua ya radi, huweza kuota mchana. Na hilo si wingu la kujaribiwa. Lina mvua ya mawe, lina barafu ya kuganda kwenye mabawa, na lina upepo unaoporomoka na kutawanyika ardhini. Ukiwa unatua, upepo huo hukupokea kwa mbele ukakuinua, kisha hugeuka wa nyuma ghafla na ndege ikazama. Dhoruba kali ya radi hukwepwa kwa maili 20 za baharini au zaidi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kukariri. Kila wingu liulize hewa inafanya nini. Lundo: inapanda, tarajia misukosuko. Tabaka: imetulia, lakini stratasi ikishuka inakufichia uwanja. Liulize hivyo kila siku, hata siku usiyoruka.

Wala msipimie hatari kwa wingi wa mawingu. Safari hii mtahini, yule yule, alinipa ripoti mbili za uwanja. Ya kwanza OVC090: anga lote limefunikwa, dari futi 9,000. Ya pili FEW020CB: sehemu moja au mbili tu kati ya nane, kitako futi 2,000. "Ipi inakuzuia?" Nikasema ya pili, kwa sababu ya zile herufi mbili za mwisho, CB, yaani kumulonimbasi, na kwamba ningesubiri chini mpaka lipite.

Akatia saini.