Jibu: Dada yako aondoe amalgamu?

Ndugu, umeuliza kama dada yako aondolewe amalgamu zote, yaani vijazo vya meno vya rangi ya fedha, kwa sababu ya uchovu, kichwa kuuma na usahaulifu. Kwanza, tafadhali asiambiwe anajifanya. Anaumwa kweli.

Amalgamu ina zebaki, karibu nusu ya uzito wake, na mvuke kidogo hutoka mtu anapotafuna. Hofu yake kwamba zinamtia sumu ina pa kuanzia. Lakini huko Munich, Ujerumani, utafiti uliochapishwa 2008 uliwachukua watu 90 wenye malalamiko kama yake. Kundi moja liliondolewa amalgamu, la pili likaondolewa na kupewa dawa za kusafisha mwili, la tatu likabaki nazo na kusaidiwa kuboresha maisha. Baada ya mwaka wote walipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao. Mtu akishaamini ana sumu mdomoni, anausikiliza mwili usiku kucha, na wasiwasi huo peke yake unatosha kuleta kichwa kuuma na kukosa usingizi.

Muulize taratibu: dalili zilianza lini, kulikuwa na msiba au shida kazini? Apimwe wingi wa damu na tezi ya shingo. Akiwa na mabaka meupe au kidonda shavuni palepale panapogusana na amalgamu, hiyo inaweza kuwa mzio, daktari wa meno aitazame. Vinginevyo asichimbe zilizo nzima, maana kuchimba kwenyewe hutoa mvuke zaidi; akiwa mjamzito ndiyo kabisa asithubutu.